Marumaru za Fremu ya Mwenye Nyumba

Siku hizi fremu ikikodishwa Songea, iwe Majengo, Bombambili au Lizaboni, anayetangulia kuingia ni fundi, mzigo baadaye. Fundi wa gipsamu ananing'iniza dari la ngazi ngazi na taa za rangi zilizofichwa pembeni. Akitoka huyo anaingia wa marumaru, akimaliza anakuja wa aluminiamu na vioo, na mwisho anafika mchapaji wa stika na bango. Siku ya ufunguzi maputo yanafungwa mlangoni, spika inawekwa barazani ikinguruma tangu asubuhi, na ndani, juu ya shelfu zinazong'aa, katoni mbili za sabuni zimetandazwa ili zionekane kumi. Ukiuliza kwa nini fedha imekwenda huko, jibu ni moja: biashara matangazo. Walimu wa ujasiriamali wanalihubiri kwenye semina, vijana wa mitandaoni wanalirudia kwa picha za fremu kabla haijapambwa na baada ya kupambwa. Mteja, tunaambiwa, hununua kwa macho, na duka lisilopambwa halina mteja.

Naipinga kauli hiyo. Sisemi duka liwe chafu, lenye giza na panya. Ninachosema ni kwamba sura ya duka ina thamani pale tu inapokuwa ushahidi wa kitu kilichomo ndani: kwamba mzigo upo, bei inajulikana, kipimo ni cha haki, na muuzaji anaijua bidhaa anayoiuza. Sura isiyoshuhudia lolote ni gharama tupu, na kwa mwenye mtaji mdogo ni gharama inayoua. Jambo lenyewe linataka hesabu kabla ya kutaka maneno.

Chukua mfano wa kukadiria. Mtu amebaki na shilingi milioni nane baada ya kulipa kodi ya fremu. Anatumia milioni tatu kwa dari, sakafu, vioo na taa, anabaki na milioni tano za mzigo. Tuseme anauza vyakula na vitu vya nyumbani, mzigo wake unazunguka mara moja kwa mwezi, na kila shilingi mia ya manunuzi inamrudishia faida ya shilingi kumi kabla ya matumizi. Milioni tano zitampa laki tano kwa mwezi, milioni sita kwa mwaka. Zile milioni tatu zilizokwenda kwa mafundi, kama zingekuwa mzigo, zingempa laki tatu kwa mwezi, yaani milioni tatu na laki sita kwa mwaka, na mwaka ukiisha zenyewe zingekuwa bado ziko shelfuni. Sasa zimegeuka saruji. Tukiyapa mapambo hayo miaka mitatu kabla hayajachakaa, kila mwaka yanapoteza milioni moja ya thamani yake. Kwa hiyo, ili yasimtie mwenyewe hasara, ni lazima yamletee milioni nne na laki sita za ziada kila mwaka, katika duka ambalo mzigo wake wote unaleta milioni sita. Mauzo yapande kwa zaidi ya robo tatu kwa sababu ya marumaru peke yake! Na hata huo umati ukija kweli, utakuta nini? Utakuta mzigo wa milioni tano, uliokatwa ili kulipia kuta, ukiisha katikati ya mwezi.

Halafu kuna swali ambalo semina hazilifikii: mapambo hayo ni ya nani? Wengi wa wenye maduka mjini Songea ni wapangaji, na kodi hudaiwa ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Marumaru hazing'oki zikabaki nzima, na gipsamu haihamishiki. Mkataba ukiisha, mwenye nyumba anaiangalia fremu yake ilivyopendeza, anaona kwamba sasa inastahili kodi kubwa zaidi, na mpangaji aliyeipendezesha ndiye wa kwanza kutajiwa bei mpya. Atakayesema kwamba fedha hiyo inarudi kwa njia ya kilemba anacholipwa na mpangaji ajaye anasahau kwamba kilemba hulipiwa mahali. Anayechukua fremu karibu na stendi au Soko Kuu analipia miguu ya watu inayopita pale, na mara nyingi jambo la kwanza analolifanya ni kulibomoa dari la aliyemtangulia ili aweke la kwake.

Upo pia ushahidi ambao haukuandaliwa na semina yoyote. Kabla ya mwisho wa mwaka 2021, Serikali ilipowaondoa machinga kwenye hifadhi za barabara na mbele ya maduka nchi nzima, malalamiko ya wenye maduka yalikuwa mazito na ya miaka mingi. Walilalamika kwamba machinga anatandika turubai mlangoni mwao, anauza bidhaa ileile, na mteja anaishia hapohapo bila kuingia ndani. Lilikuwa lalamiko la haki, maana mwenye duka analipa kodi, leseni na pango, na mwenzake halipi. Lakini tulisikilize lilivyo. Linakiri kwamba mtu mwenye turubai la bluu juani, asiye na dari wala kioo wala taa, alikuwa akimvuta mteja kuliko fremu yenye vyote hivyo, hatua tatu nyuma yake. Kama mapambo yangekuwa ndiyo sumaku, machinga ndiye angelalamika. Na baadhi ya wenye maduka, kwa akili ya biashara ambayo hawaitamki hadharani, waliona mapema wakawa wanampa huyohuyo machinga mzigo auze nje kwa niaba yao. Kilichokuwa kwenye turubai ni bidhaa zote mbele ya macho, bei inayotajwa kwa sauti ili kila apitaye aisikie, na hakuna kizingiti cha kuvuka.

Mitumba inasema hivyohivyo. Siku belo linapofunguliwa, watu wanawahi alfajiri, wanainama juu ya lundo chini, mtumishi wa ofisi kando ya mama lishe, wakipekua kwa mikono miwili. Hakuna sanamu la kuvalisha nguo, wala chumba cha kujipimia. Kinachowaleta ni habari kwamba mzigo mpya umefika na kwamba anayewahi anapata kilicho kizuri. Kariakoo yenyewe, ambako maduka ya Songea hufunga mzigo, sehemu kubwa yake ni vichochoro vya maduka ambayo ukuta wake hauonekani kwa sababu bidhaa zimeufunika toka sakafuni hadi darini. Bidhaa ndiyo pambo. Wauza khanga wa pwani wanalijua hilo kwa vizazi: familia ya Kaderdina ya Mombasa, ambayo khanga zake zenye maandishi ya "Mali ya Abdulla" zinatambulika Afrika Mashariki yote, imekuwa katika biashara tangu mwaka 1887, na atakayepita Mtaa wa Biashara ataona kwamba kazi ya kumsimamisha mpita njia imeachiwa kitambaa chenyewe, kilichoning'inizwa ili jina na rangi visomeke. Na wanaokumbuka maduka ya zamani ya Kihindi katika miji yetu ya bara watakumbuka fundi cherehani aliyeketi barazani. Baraza lile lilikuwa mvuto kuliko bango lolote, kwa kuwa mtu alinunua kitambaa ndani na kutoka nacho kimepimwa mwilini mwake.

Tumjadili sasa mteja, maana anayepambiwa ndiye anayesahaulika. Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabia Mkoa wa Ruvuma watu 1,848,794, na walio wengi wanaishi kwa jembe. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili au Mei. Mahindi yanavunwa, NFRA, wakala wa Serikali wa hifadhi ya chakula, na wanunuzi binafsi wanafungua mizani katikati ya mwaka, kahawa ya Mbinga inaingia, na baadaye korosho za Tunduru. Fedha ya mkoa huu ina miezi yake. Mkulima wa Namtumbo au Peramiho anayekuja mjini baada ya kuuza mahindi anatafuta mabati, godoro, vitenge, sare za watoto kwa ajili ya Januari, na anataka avikute. Akikuta mabati ya geji anayoitaka yamekwisha, hatasubiri kwa sababu dari la duka lina taa ya zambarau. Mwenye duka aliyezika mtaji ukutani mwezi Machi anaingia Julai akiwa mikono mitupu, katika miezi mitatu au minne ambayo ingemlipia mwaka wote. Na yuko mteja wa pili, mwenye duka la kijijini anayekuja kununua kwa jumla. Huyo ndiye anayebeba katoni nyingi, naye anaangalia mambo mawili tu: bei ya jumla na kama atapewa mali kauli akipungukiwa. Waulize wauzaji wa jumla wa hapa, wakiwemo Wakinga ambao Nyanda za Juu Kusini nzima inawajua kwa biashara, wametumia kiasi gani kwa marumaru za stoo.

Mapambo nayo yanasema, tena yanasema kwa sauti. Shida ni kwamba kwa mteja wetu yanatamka neno moja: bei. Mtu aliyetoka shamba, viatu vina udongo mwekundu wa masika, anafika mlangoni pa duka lenye sakafu inayong'aa kama kioo, anajiuliza kama avue viatu. Wengine huvua kweli. Wengine wanageuka. Haimaanishi ni washamba. Wanasoma ishara kwa usahihi. Wanajua kwamba aliyetumia fedha nyingi kwa sakafu ataitafuta mahali fulani, na mahali penyewe ni mfukoni mwao. Kwa mwenye shilingi elfu kumi na orodha ya vitu vya elfu kumi na mbili, duka linalong'aa ni duka la kuangalia tu.

Hapa mpinzani wangu makini, siye yule wa maputo, ataleta vitabu. Atasema kwamba mwaka 1973 mtaalamu wa masoko Philip Kotler aliandika juu ya mazingira ya duka kama zana ya kuuzia, na kwamba hoja yake inatugusa: mazingira yanakuwa na nguvu zaidi pale maduka ya aina moja yanapokuwa mengi na tofauti ya bidhaa na bei inapokuwa ndogo. Je, si ndivyo ilivyo Songea, maduka kumi mfululizo yanauza unga uleule, sabuni ileile, kwa bei inayotofautiana kwa shilingi mia? Hii ndiyo hoja bora ya upande wa pili, na haistahili kupuuzwa. Lakini ina majibu mawili. Kwanza, tofauti ya shilingi mia ni ndogo kwa anayeandika kitabu. Kwa anayenunua sukari robo kila jioni, mia ya leo na mia ya kesho, wiki ikiisha ni mia saba. Tofauti nyingine hazionekani kwenye bei kabisa: nani anapima mpaka mizani itulie, nani ana chenji, nani anaandika deni kwenye daftari mpaka tarehe ya mshahara. Pili, pambo linatofautisha pale tu lisipokuwa la kila mtu. Maduka yote kumi yakiwa na dari lilelile la ngazi na mkanda uleule wa taa za bluu, wote wametoa fedha na hakuna aliyetofautika. Anayefaidi ni fundi, ambaye simwonei wivu, maana yeye angalau anauza kitu ambacho mteja wake amekihitaji.

Atataja pia utafiti wa Ronald Milliman wa mwaka 1982, ulioonyesha kwamba katika duka kubwa moja la Marekani muziki wa taratibu uliongeza mauzo kwa takriban asilimia 38 ukilinganishwa na muziki wa kasi, kwa kuwa watu walitembea polepole wakakaa muda mrefu. Sawa kabisa. Lakini spika za Songea zinapiga nini, na kwa sauti gani? Zinapiga kwa kasi na kishindo mpaka mnunuzi wa robo ya sukari anaitamka mara tatu na muuzaji anampimia chumvi. Tumechukua nusu ya somo, tena nusu isiyo yake. Na tukirudi nyuma zaidi, kosa ni hilohilo. Aristide Boucicaut alipoanza kuliendesha duka la Le Bon Marché mjini Paris mwaka 1852, na Harry Gordon Selfridge alipofungua lake London mwaka 1909, vioo na taa vilikuja juu ya jambo lililokuwa geni zaidi kuliko kioo: bei iliyoandikwa, ileile kwa kila anayeingia, ruhusa ya kuingia bila kulazimika kununua, na haki ya kurudisha kitu kisichofaa. Mtu aliingia bila hofu kwa sababu alijua bei kabla ya kufungua mdomo. Sisi tumenakili kioo tukaiacha bei. Ingia katika maduka yetu mengi yaliyopambwa uone ni mangapi yana kibandiko cha bei kwenye nguo au sufuria. Bei iko kichwani mwa muuzaji, na inashuka au kupanda kulingana na anavyomwona anayeuliza. Kibandiko kidogo cha karatasi kingemtoa hofu mteja kuliko dari zima. Wapo wanaodai kwamba bei ikiandikwa mshindani ataiona. Mshindani anaijua tangu zamani. Alishamtuma mtoto kuuliza.

Lakini kama kuna ushahidi ambao ungeweza kuniangusha, uko hapahapa Ruvuma, na ajabu ni kwamba wanaotetea mapambo hawautumii. Mwaka 2003 mkoa huu ulichaguliwa kuwa wa majaribio wa mpango wa Duka la Dawa Muhimu, chini ya iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, iliyoanzishwa mwaka huohuo. Kabla yake vijiji na mitaa vilihudumiwa na maduka ya dawa baridi, ambayo kisheria yaliruhusiwa kuuza dawa chache zisizohitaji cheti, lakini mengi yaliuza chochote kilichopatikana, na wauzaji wengi hawakuwa na mafunzo. Mpango ule mpya uliligusa jengo waziwazi. Ulidai duka lisilovuja, lenye dari, kuta na sakafu zinazosafishika, shelfu zilizopangika, na bango lenye alama maalumu mlangoni. Mtu anaweza kusema: haya, si mapambo hayo? Wenye maduka walitumia fedha zao na za mikopo kukarabati, na wateja wakaja. Sura ikauza!

Tuangalie kila kitu kilikuwa na kazi gani. Dari lilizuia joto la bati lisiharibu dawa na vinyesi vya popo visidondoke juu ya vidonge. Sakafu ya saruji laini ilikuwa ya kudekiwa. Shelfu zilipangwa ili dawa inayokaribia kuisha muda ionekane na itoke kwanza. Na bango, ambalo ndilo lingeweza kuitwa tangazo, lilikuwa na maana kwa sababu nyuma yake kulikuwa na muuzaji aliyekaa darasani wiki kadhaa na kufaulu, mmiliki aliyefundishwa kutunza vitabu, na mkaguzi mwenye uwezo wa kulishusha. Tathmini ya majaribio hayo ilionyesha kwamba dawa zisizosajiliwa katika maduka ya Ruvuma zilipungua kutoka asilimia 26 hadi 2. Hiyo ndiyo habari iliyokuwa ndani ya bango. Mama aliyembeba mtoto mwenye homa hakuvutwa na rangi. Rangi ilimwambia kitu cha kweli ambacho yeye mwenyewe asingeweza kukipima, kwa kuwa hakuna mteja anayeweza kuonja kidonge akajua kama ni halali. Mpango huo ulisambazwa baadaye katika mikoa mingine, na maduka hayo yakawa ya kawaida nchini. Basi kisa hiki hakinipingi. Kinanipa kipimo: kila unachotaka kukiweka ukutani, uliza kinamthibitishia mteja nini. Kama hakuna jibu, fedha hiyo ni mzigo uliopotea.

Na mfano wa upande wa pili, wa sura nzuri isiyo na kitu nyuma yake, Afrika Mashariki nzima iliushuhudia. Uchumi, kampuni ya maduka makubwa ya Kenya, ilifunga maduka yake ya Tanzania Oktoba 2015. Mwenzake Nakumatt, iliyokuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne na iliyochukua maduka ya Shoprite hapa Tanzania, iliwekwa chini ya msimamizi na mahakama mjini Nairobi Januari 2018, na miaka miwili baadaye wadai wakakubali ifungwe. Hakuna duka la Songea litakalowahi kupambwa kama yale: sakafu kama maji, viyoyozi, muziki wa taratibu kama wa kwenye utafiti, taa mchana kutwa. Ataniambia mtu kwamba yaliuawa na madeni na uongozi, si na mapambo. Sijadai kwamba mapambo yaliyaua. Nadai kwamba hayakuyaokoa. Watoa bidhaa waliposimamisha mizigo kwa kutolipwa, shelfu zikawa wazi, na wateja wakaondoka wakiziacha taa zote zinawaka. Wakahamia kwenye maduka yenye sukari.

Liko pambo la aina nyingine ambalo mwenye duka halilipii, nalo limeenea kuliko gipsamu: duka kupakwa rangi ya kampuni ya simu au ya soda. Wengi wanaliona kama zawadi. Kwangu ni ukuta uliotolewa bure kumtangaza mtu mwingine, kwa herufi zinazozidi jina la mwenye duka mara kumi. Hata hivyo limetufanyia jaribio zuri bila kukusudia. Novemba 2024 Tigo ilibadili jina ikawa Yas, na vibanda vilivyokuwa vya bluu vikaanza kugeuka vya njano. Nani alipotea njia? Watu waliendelea kusema wanakwenda kwa Mama fulani, kwa Mangi, kwa yule Mkinga wa kona, kama walivyosema rangi ilipokuwa nyingine. Kama sura ndiyo ingekuwa inashika wateja, mabadiliko hayo yangewatawanya.

Nakubali kwamba ziko biashara ambazo sura ndiyo bidhaa yenyewe. Saluni inauza urembo, na isiyopendeza inajikana. Duka la magauni ya harusi linauza ndoto ya siku moja, na ndoto haiuzwi gizani. Hoteli hali kadhalika. Nakubali pia taa. Mpaka mwaka 2018, Songea ilipounganishwa na gridi ya Taifa kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, mji uliishi zaidi kwa jenereta za dizeli na mgawo, na duka lililoweza kuwaka jioni lilikuwa na faida ya kweli. Leo balbu nne za wati kumi zikiwaka kwa saa kumi na mbili kila siku hazifiki uniti 15 kwa mwezi, kama shilingi elfu tano za LUKU. Mwanga mweupe unaomwezesha mteja kusoma tarehe ya kwisha muda ni ushahidi. Mkanda wa zambarau unaofanya nyanya na unga vifanane rangi unauficha ushahidi. Nayo rangi nyeupe ya chokaa ukutani, kaunta iliyofutwa vumbi, mizani iliyogeuziwa uso wake kwa mteja, vyote hivyo nampa mwenye duka bila ubishi, maana havimgharimu mtaji.

Limebaki pingamizi moja, ambalo ndilo linalosemwa zaidi barabarani na ndilo lenye nguvu machoni: mbona yapo maduka ya Songea yaliyopambwa na yanauza sana? Yapo. Anayepita anaona marumaru na foleni kwa pamoja, na akili yake inaunganisha kimoja kuwa sababu ya kingine. Lakini maduka mengi ya namna hiyo yalianza na meza ya mbao na pazia la kiroba, yakakuza mzigo miaka kwa miaka, yakapata jina, na faida ilipozidi mahitaji ya mzigo ndipo fundi akaitwa, mara nyingi katika jengo ambalo mwenye duka alikuwa ameshalinunua. Kijana anayeanza leo anaiga ukurasa wa mwisho wa kitabu. Ajipe kazi moja ndogo kabla ya kumlipa fundi: aende kwenye duka analolitamani, anunue kitu, kisha amuulize mwenyewe duka lilifunguliwa mwaka gani, na marumaru ziliwekwa mwaka gani.